Nilijaribu diski ngumu tatu za Amiga 500, mezani imebaki moja

Kazi yangu ni tarizi. Hapa Leicester nashona nembo za shule kwenye sweta, majina kwenye mataulo, na Ramadhani ikikaribia nashona shingo za kanzu hadi macho yanauma. Mashine yangu kubwa ni ya miaka ya 90, ina vichwa vinne, na mpaka leo inapokea mitindo kwa disketi. Disketi zilipoanza kuniharibikia moja baada ya moja nilifanya wafanyavyo wenye tarizi wengi: niling'oa draivu, nikatia Gotek, kile kisanduku kinachomeza fleshi ya USB kisha kikaidanganya mashine kwamba kimeshika disketi.

Gotek hiyo ndiyo iliyoniletea balaa. Mteja wangu mmoja, mzee wa Kiingereza aliyekuja kuchukua kofia za timu yao ya bowls, ule mchezo wa kuviringisha mipira kwenye nyasi, aliiona akacheka. Akaniambia anayo kama hiyo nyumbani, kwenye Amiga, kompyuta yake ya zamani. Alikuwa anahamia nyumba ndogo, hana pa kuweka vitu, na wiki iliyofuata akanibwagia Amiga 500 nzima juu ya kaunta: kipanya, waya, na disketi za Deluxe Paint III, programu ya kuchorea, ndani ya bati la biskuti.

Kwa nini mtu mzima mwenye watoto watatu ahangaike na kompyuta ya 1987? Kwa sababu ya kofia. Marehemu mama yangu alikuwa akishona kofia za viua barazani kwetu, Mji wa Kale, Mombasa, na ruwaza zake alizichora kwenye daftari la hesabu, lile la miraba. Mraba mmoja, tundu moja. Programu nyingi za kisasa za kuchorea hazijui tena kuhesabu. Ukichora mstari wa kukata pembe zinaulainisha, zinaongeza vivuli, ukija kushona huelewi tundu liko wapi. Deluxe Paint ina nukta 320 kwa 256, rangi 32, na kila nukta unaiona kwa macho. Ni lile daftari la mama, ila hili halihitaji kifutio.

Shida ni disketi. Amiga 500 haina diski ngumu (hard disk), ile ya kudumu ya kuhifadhia kila kitu. Unafungua programu kwa disketi moja, inakuomba ya pili, unatia, inaitaka tena ya kwanza, unatia, sasa unataka kuhifadhi picha, ondoa hiyo tia nyingine. Disketi moja hubeba KB 880. Nilihamishia Gotek huko pia, na afueni nilipata, lakini Gotek ni disketi tu iliyovaa nguo mpya. Inabeba disketi mia ndani ya fleshi moja, ila mashine inaziona moja moja, na wewe ndiwe unayebonyeza kitufe kuzibadilisha. Nikasema basi, nitafute diski ngumu. Bajeti yangu ilikuwa pauni 100.

Kabla sijaingia kwenye manunuzi, neno moja kwa mwenye Amiga iliyolala darini miaka mingi. Igeuze, fungua kile kifuniko cha chini. Kama kuna kadi ya memori yenye saa, ina betri, na betri hizo huvuja. Yangu ilishaanza kutoa ukungu wa kijani kwenye miguu ya chipu. Niliikata betri, nikasugua kwa siki na mswaki, nikamaliza kwa spiriti. Kama ningenunua diski ngumu kwanza ningemtafuta mchawi kwingine.

Sasa, Amiga 500 ina njia mbili tu za kuingiza kontrola, yaani bodi inayoiunganisha diski na kompyuta. Ya kwanza ni ubavu wa kushoto, ambako ukitoa kifuniko cha plastiki unakuta ukingo wa bodi wenye meno 86. Ya pili ni ndani kabisa, kwenye soketi ya prosesa yenyewe. Chochote utakachouziwa kinapita moja ya njia hizo.

Mimi nilianza na ubavu, kwa sababu sikutaka kufungua mashine. Nikanunua A590, kisanduku cha diski walichokitengeneza Commodore wenyewe, kampuni ya Amiga, kwa ajili ya Amiga 500. Kwa sura hakina mpinzani. Rangi ni ileile, mwinamo ni uleule, ukikichomeka utadhani kompyuta imezaliwa nacho. Ndani kina diski ya MB 20, kontrola ya SCSI (namna moja ya zamani ya kuunganisha diski), na soketi tupu za kuongeza memori hadi MB 2. Kina kipoza umeme chake peke yake, kwa hiyo hakiinyonyi Amiga.

Niliipata kwa pauni 140. Ndiyo, bajeti ilikuwa 100, najua. Muuzaji wa mtandaoni aliandika: imejaribiwa, inawaka. Nami mshamba wa mambo hayo nikasoma "inawaka" nikaelewa "inafanya kazi". Ilipofika niliichomeka, na kweli iliwaka. Taa ikawaka, feni ikavuma, kisha diski ikaanza tk-tk-tk kama cherehani iliyonasa uzi chini ya bobini, ikanyamaza, na haikusema tena. Nilimwandikia muuzaji. Jibu lake: lakini inawaka, au siyo?

Kwa haki, sina ugomvi na diski yenyewe. Kitu chenye sahani inayozunguka, chenye umri wa zaidi ya miaka 30, kina haki ya kufa. Kosa ni langu kulipia diski wakati nilichokuwa nanunua ni kontrola. Ukinunua kisanduku cha zamani hesabu diski iliyomo kuwa ni sufuri, hata ikisoma leo. Kama bei haikuridhishi baada ya hesabu hiyo, achana nacho.

Basi nikafungua kisanduku. Skrubu chini, kifuniko kikatoka, nikaona diski imefungwa kwa kebo bapa ya pini 40. Moyo ukatulia. Pini 40 nazijua, hizo ni IDE, namna nyingine ya kuunganisha diski, kompyuta nyingi za zamani zilikuwa nayo. Nikaagiza adapta ya kadi ya CF (CompactFlash, kadi ya kuhifadhia kama zile za kamera), pauni 7, na kadi yenyewe. CF ni rafiki wa IDE kwa asili, ile adapta haina akili yoyote ndani yake, ni waya tu za kuunganisha pini na pini. Nikachomeka. Kimya. Nikageuza kebo. Kimya. Nikabadilisha kadi. Siku mbili zilinipotea hapo, na oda ya sweta 60 inanisubiri.

Mtoto wa kaka yangu anasoma uhandisi hapahapa, akaja Jumapili kula wali. Alitazama bodi kwa muda wa kumeza tonge mbili.

"Shangazi, hii si IDE unayoijua wewe. Hii ni ya XT, kompyuta za zamani zaidi."

"Pini si arubaini?"

"Arubaini, ndiyo. Ila hii inapitisha biti 8 kwa mara moja, na CF yako inasubiri 16. Umevaa kiatu cha mtu mwingine, kimekutosha urefu tu."

Kwa hiyo ukikutana na A590, soketi ile ya pini 40 isahau. Hakuna diski ya leo ya kawaida itakayoielewa. Lakini pembeni yake, juu ya bodi hiyohiyo, ipo soketi ndefu zaidi, ya pini 50. Hiyo ndiyo SCSI, na hiyo ndiyo uhai wa A590.

Kwa upande wa SCSI nilinunua BlueSCSI V2, pauni 48. Ni bodi ndogo iliyobeba mgongoni Raspberry Pi Pico, kibao kidogo chenye chipu ya kuendeshea vifaa, unatia kadi ya microSD, na kontrola inaiona kama diski halisi ya SCSI. Michoro yake iko wazi kwa yeyote, ndiyo maana inatengenezwa na watu wengi na bei haijapaa. Diski ni faili tu ndani ya kadi. Yangu inaitwa HD00_512.hda: sufuri ya kwanza ni namba ya diski kwenye mstari wa SCSI, ya pili ni tawi lake, na 512 ni baiti za kila kipande. Ukikosea jina haionekani, na hakuna anayekuambia kwa nini. Nilitengeneza faili ya MB 500, nikaligawa sehemu mbili kwa HDToolBox, programu ya Amiga ya kugawa diski, nikaweka Workbench, yaani skrini ya kazi ya Amiga yenye madirisha. Ikawaka. Safari hii "ikawaka" ya kweli.

Nikajaza na zile soketi za memori, chipu 16 za mtumba za pauni 22, kila moja na miguu yake 20, na mimi na kioo cha kukuzia na dua. MB 2 ziliingia zote. Ukijumlisha na microSD ya pauni 6, nilikuwa nimetumia pauni 216. Wahenga walisema rahisi ghali. Mimi niliruka rahisi, nikaenda moja kwa moja kwenye ghali.

Je, inafanya kazi? Vizuri sana. Tangu kubonyeza swichi hadi kuona skrini ya Workbench ni sekunde 14, na haikuwahi kupoteza faili hata moja. Lakini feni! Ile feni haivumi, inalalama. Nakaa siku nzima na mashine yenye vichwa vinne vinavyogonga sindano, nikija kuchora usiku nataka utulivu. Pia kisanduku kinakula meza upande wa kushoto, ambako ndiko nakowekea mkeka wa kukatia vitambaa. Bwana wangu alivumilia wiki tatu, kisha akauliza kwa upole kama hiyo ndiyo kompyuta au ni jokofu.

Hapo ndipo nilipokubali kufungua mashine.

Kontrola ya pili ni bodi ndogo ya kijani, upana wa vidole vitatu, inayokaa kati ya prosesa na soketi yake. Unang'oa prosesa, unachomeka bodi, unairudisha prosesa juu ya bodi. Yangu ina soketi ya IDE, ya kweli safari hii, na memori ya MB 8 juu yake. Pauni 55 kutoka kwa fundi anayezijenga moja moja kwa oda. Adapta ya CF ninayo tayari, ile ya pauni 7 iliyonitesa. Kadi ya CF ya GB 4, pauni 9.

Kuna gharama iliyojificha. Bodi za namna hii nyingi hazina programu yao ya kuendeshea diski, zinaitegemea iliyomo ndani ya ROM ya Kickstart, chipu yenye programu ya kuiamsha Amiga. Kickstart 1.3 iliyokuja na Amiga yangu haina. Ikabidi ninunue chipu ya Kickstart 3.1, toleo la 40.63, pauni 22. Ndani yake mna kiendeshi kinachoitwa scsi.device, na msishangae jina: kinaendesha IDE. Waliliacha jina la zamani na hawakuona haja ya kubadilisha. Kabla ya kununua chipu hiyo angalia namba ya bodi kuu. Yangu ni Rev 6A, chipu iliingia bila kelele. Wenye Rev 5 wana kazi ya ziada ya kupinda mguu mmoja na kuvuta waya.

Jumla ya njia hii: pauni 93. Ndani ya bajeti, kama ningeanza nayo.

Kung'oa prosesa nitakueleza polepole, maana hapo ndipo watu wanapolia. Ile 68000 ni chipu ndefu kama kitana cha mfukoni, miguu 64, na imekaa kwenye soketi yake tangu kiwandani. Usivute kwa vidole. Nilichukua bisibisi bapa nyembamba, nikaiingiza upande mmoja kati ya chipu na soketi, nikaizungusha kidogo, kidogo mno, kiasi cha nywele. Nikahamia upande wa pili, nywele nyingine. Upande huu, upande ule, kama unavyofumua mshono ambao hutaki kuchana kitambaa. Hakikisha bisibisi iko chini ya chipu, siyo chini ya soketi, maana soketi ikinyanyuka inang'oka na njia za shaba za bodi. Ilinichukua robo saa. Mguu mmoja ulipinda hata hivyo, nikaunyoosha kwa kibano cha kushikia uzi, mara moja tu. Mara ya pili ungekatika.

Baada ya hapo kazi ilikuwa nyepesi. Sekunde 9 hadi Workbench. Hakuna feni, hakuna kisanduku, kifuniko kimerudi juu na mgeni hawezi kujua kuna kitu ndani. Asubuhi za baridi, mara mojamoja, inawahi kuitafuta kadi kabla kadi haijaamka, nami nabonyeza vitufe vitatu vya kuwasha upya, ikaiona.

Lakini usidhani ilikuwa asali tupu. Wiki ya kwanza picha zangu zote zilikuwa salama, ila kila nilipohamisha kifurushi kikubwa cha programu kilifika kimeharibika. Kidogo kizima, kikubwa kibovu. Nilishuku kadi, nikanunua nyingine ya chapa ghali zaidi, yaleyale. Kumbe ni namba moja ndani ya HDToolBox iitwayo MaxTransfer, inayosema mashine ichukue kiasi gani kwa mkupuo mmoja. Ikiachwa ilivyo ni kubwa kupita kiasi, na kadi nyingi zinamezeshwa zaidi ya koo lao. Iandike 0x1FE00, yaani baiti 130,560, kwenye kila sehemu ya diski, hifadhi, washa upya. Picha zangu zilipona kwa sababu picha moja ya nukta 320 kwa 256 yenye rangi 32 haizidi KB 50 au zaidi kidogo, haikuwahi kugusa mpaka huo. Ningekuwa nachora makubwa ningelia. Andika namba hiyo kabla hujahamisha faili la kwanza.

Na usinunue kadi kubwa. Kwa Kickstart 3.1 ya kawaida usivuke GB 4, mashine haijui kuhesabu kupita hapo na itakurudisha mwanzo wa diski kuandika juu ya vitu vyako. GB 4 kwa Amiga ni ghala. Ruwaza zote za mama nilizonakili kutoka madaftari yake, na zangu za miaka miwili, hazijafika MB 12.

Ya tatu haikuwa pendekezo langu. Mtoto wa kaka, baada ya kuona nimeshafungua mashine, akaniletea PiStorm. Nayo inakaa kwenye soketi ya prosesa, lakini prosesa hairudi: nafasi yake inachukuliwa na Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, inayojifanya 68000, na diski ngumu ni faili ndani ya microSD yake. Bodi pauni 25, Pi 3A+ pauni 26, kadi pauni 6. Pauni 57 kwa mashine yenye kasi ambayo Amiga 500 haikuota, na memori ya kumwaga. Kwa fedha hakuna kinachoishinda. Niliitumia siku nne. Ilikuwa kama kupanda daladala ya zamani yenye injini ya ndege, na kila kitu nilichokipenda kwa upole wake kikawa kinaruka. Zana ya kujaza rangi, ile inayotambaa mstari kwa mstari ukaweza kuikatiza ikivuja kwenye tundu ulilosahau kuziba, sasa inafurika skrini nzima kabla sijapepesa. Nikamrudishia. Yeye anacheza nayo michezo na anafurahi, na kama unachotaka ni michezo, msikilize yeye, usinisikilize mimi.

Mwenzangu akiniuliza leo anunue nini, kwanza namuuliza kama anaogopa bisibisi. Kama haogopi, ni bodi ya ndani na CF, basi, na pauni 93 zinatosha. Kama anaogopa kweli, A590 iliyokufa diski, asilipe zaidi ya 80, na aweke akiba ya BlueSCSI. Na akiona tangazo la diski ya zamani "iliyojaribiwa", aombe video ya mashine ikifungua faili. Taa peke yake haitoshi.

A590 yangu nimeiuza kwa pauni 170 pamoja na BlueSCSI na memori. Kwenye tangazo niliandika kila kitu, mpaka feni. Aliyeinunua alisema feni ndiyo aliyokuwa akiitafuta, inamkumbusha utoto wake.

Kimoja nilikikosa baada ya kuiondoa. A590 ilikuwa na taa yake mbele, nikihifadhi picha naiona inapepesa, ikizima najua imekwisha. CF iko ndani, haisemi kitu, na mara mbili nilizima mashine mapema nikapoteza picha. Mwezi uliopita nililehemu taa ndogo nyekundu kwenye adapta, nikaipitisha waya mpaka kwenye ufa wa hewa juu ya kibodi. Imeshikiliwa na mshono wa uzi wa tarizi, rangi ya dhahabu, ule uliobaki kwenye shingo za kanzu.